Aya ya Fuatino

Ianeta alimkuta baba yake nyuma ya jiko akikwangua mashelisheli ya kuchoma kwa kipande cha kifuu, midomo ikimchezacheza kama mbuzi anayecheua.

"Baba, unaongea na mashelisheli?"

"Yanajibu vizuri kuliko nyinyi."

Binti akachuchumaa karibu naye. Kesho alfajiri angepanda meli kutoka hapa kisiwani Savaii, avuke mpaka kisiwa cha Upolu, kisha ndege mpaka Nyuzilandi, miezi saba ya kuchuma matufaa kwenye mashamba ya watu. Begi lilikwisha fungwa. Kilikuwa kimebaki kitu kimoja tu, na alikuwa amekizungukazunguka siku tatu nzima.

"Leo jioni nawe usome, Baba. Na sala ya mwisho uombe wewe."

"Mareko anaomba vizuri."

"Mareko ni mume wangu. Mume hamuagi mtu kwao, baba ndiye anayemuaga. Nikiondoka bila maombi yako nitakuwa nimetoroka."

Mzee Pesamino akakwangua pale palipokwisha kukwanguliwa, mpaka nyama ya shelisheli ikaanza kutoka.

"Zaburi gani?" akauliza mwishowe.

"Ile ya mtu anayeinua macho aitazame milima. Fupi, aya nane tu."

"Haya. Niache basi, unanipotezea hesabu."

Ianeta akaondoka na furaha yake, hakujua kwamba alimwacha baba yake na hofu.

Miezi mitatu ilikuwa imepita tangu wamzike Fuatino, mke wa mzee, pale mbele ya nyumba. Pesamino alikuwa mkuu wa ukoo, na sala ya jioni ilikuwa kazi yake. Sala yenyewe aliirithi kwa baba yake neno kwa neno, ndefu kama kamba ya kufungia mtumbwi, na kwa miaka arobaini aliivuta bila kuitazama. Siku ya nne baada ya maziko aliianza kama kawaida. Ikaenda vizuri mpaka pale pa "utubariki mimi na huyu uliyeniketisha naye." Hapo ulimi ukagoma. Toka siku hiyo miwani ikawa mbovu, koo likawa linauma, na Mareko mkwewe akashika usukani.

Asilomwambia mtu ni kwamba koo halikuwa na neno. Alijiona kama mtu aliyebisha hodi miaka arobaini kwenye nyumba ya jirani bila kungoja kujibiwa, na leo, akiwa na shida kweli, anajiuliza kama humo ndani mna mtu.

Akachukua Biblia, akaenda nayo uani. Shule aliiacha darasa la tatu, kusoma kwake ni kulima mwambani. Lakini alikuwa na ujanja wake. Jioni watu husoma kwa zamu, kila mmoja aya moja, kuzunguka mkeka. Basi yeye huhesabu vichwa kabla, akajua yake ni ya ngapi, akaifanyia mazoezi mpaka inateleza. Akahesabu: Sinira dada wa marehemu, moja. Mareko, mbili. Ianeta, tatu. Losa mjukuu, nne. Fuatino, tano. Yeye, sita. Akaisoma ya sita mara kumi na mbili, ile ya jua kutompiga mtu mchana, mpaka ikakaa mdomoni kama tonge.

Kombe la baharini likapulizwa kama baragumu, kuita watu kwenye sala. Wanaume wa kijiji wakajipanga barabarani na shuka zao viunoni, ili asipite mtu wakati wa sala. Nyumba za pale huinuliwa juu ya nguzo na hazina kuta, kwa hiyo kila ukoo ulionekana ukikaa kwenye mikeka yake.

Sinira alimwona shemeji yake na Biblia mapajani.

"Jamani muujiza! Miwani ya shemeji imefufuka!"

"Imefufuka iyaone meno yako yaliyobaki."

"Mawili yanatosha kukung'ata. Kaa vizuri tusome."

Wakaimba, kisha Sinira akaanza. Mareko akapokea, akafuata Ianeta. Pesamino alikuwa na aya yake chini ya ulimi, akiitafuna kimyakimya, hakusikia lolote. Losa akasoma yake kwa sauti ya shuleni, kwamba mlinzi huyo halali wala hasinzii. Akanyamaza.



Pesamino akangoja. Wote wakangoja. Bawa la kuku lilisikika likipapatika chini ya sakafu, na mzee bado anangoja, kidole kwenye aya ya sita, sikio limeelekea kulia kwake.

"Shemeji," Sinira akasema, na safari hii sauti haikuwa na utani. "Ni wewe."

Ndipo alipojua kwamba alikuwa akimngoja Fuatino asome.

Kulia kwake mkeka ulikuwa mtupu. Miaka yote watu waliongezeka na kupungua, hesabu ikibadilika, lakini aya ya Fuatino sikuzote ilitangulia yake moja tu. Na yeye, kila jioni, mke wake akisoma pale ubavuni, alikuwa anajifanyia mazoezi ya yake. Akajaribu kukumbuka aya moja, moja tu, aliyowahi kuisikia kinywani mwa mkewe. Hakuipata hata moja.

Akashusha kidole mpaka kwenye ya tano, akarudi, akapotea, akaipata. Hakuwa ameifanyia mazoezi. Akaisoma kama mtu avukaye mto kwa mawe, neno moja, asimame, neno jingine. Kwamba Bwana ndiye akulindaye. Bwana ni ki... ni kivuli. Mkono wako. Wa... wa kuume.

Akautazama mkono wake wa kuume. Ulikuwa umelala juu ya mkeka, pale pale alipokuwa akikaa Fuatino.

Sinira akasoma ya sita, ile ya jua. Pesamino aliijua kwa moyo, lakini ilikuwa mara ya kwanza kuisikia ikitoka kwa mtu. Mareko akasoma ya saba. Ya nane ikamwangukia Ianeta mwenyewe, kwamba Bwana atakulinda utokapo na uingiapo, na katikati yake sauti ikamkatika, ikabidi amalizie kwa kunong'ona.

Wakainamisha vichwa. Mzee akatafuta ncha ya sala ya baba yake. Hakuivuta, akaiacha ilale.

"Mungu," akasema. "Ni Pesamino hapa."

Losa akafungua jicho moja.

"Leo sina maneno ya baba yangu. Hapa kulia kwangu ni mkeka mtupu. Umesema hapo ndipo ulipo. Haya, kaa. Miaka arobaini nimekuwa nikihesabu, mke wangu sikumsikia, na wewe pia nadhani sikukusikia. Unisamehe. Mwambie na yeye anisamehe. Mtoto huyu anakwenda kwenye baridi na hajawahi kuvaa soksi. Akitoka mlinde, akiingia mlinde, kama alivyosoma mwenyewe. Mimi nipo hapa. Nakusikiliza."

Akanyamaza.

Kombe la mwisho likalia. Barabarani wanaume wakatawanyika wakicheka, jirani akaanza kugonganisha masufuria. Katika nyumba ile hakuna aliyeinua kichwa, kwa kuwa Amina haikutamkwa. Ianeta alikuwa akilia polepole, kilio cha mtu aliyepewa alichokiomba.

"Babu," Losa akanong'ona, "umesahau Amina."

"Sijasahau. Nilisema nasikiliza."

"Sikiliza upesi, shemeji," Sinira akasema bila kuinua kichwa, akijifuta pua kwa upindo wa nguo. "Mashelisheli yanapoa."

Mzee akacheka, mara ya kwanza tangu maziko, na mkono wake wa kuume haukutoka kwenye mkeka.