Wasioshiriki

Kagwiria alirudi Ngaremara kifua mbele. Utafiti alioufanya huko juu ya walimu wa chekechea wanaosomea mtandaoni ulikuwa umepita, tena chuo hakikungoja: wote waliomwambia kwamba hawashiriki wakaondolewa kwenye mfumo, nafasi zao wakapewa wengine. Udaktari wenyewe ulibaki kuvishwa kofia tu. Jamani, mtu akifika hapo si ana haki ya kuringa kidogo?

Alimkuta Gladys Atabo, mmoja wa walimu hao, kwenye banda lake la chai kando ya barabara, macho yamevimba kwa kulia. Hakukaribishwa kiti.

"Mmenitoa kwa nini?" Atabo akauliza. "Jana nimefungua simu nifanye mtihani wa mwisho, inasema mimi si mwanafunzi. Miaka miwili nasoma, daktari."

"Lakini mama Ekuam, wewe mwenyewe uliniambia hushiriki."

"Ndiyo, sishiriki. Sasa hiyo na masomo inaingiliana wapi?"

Kagwiria akaanza kueleza, kwa ile sauti ya upole ya wasomi inayoudhi watu. Kwamba mfumo huhesabu simu, hauhesabu watu. Kwamba wanawake watano wakisomea simu moja, mashine haiwezi kujua nani alisoma na nani alisinzia. Ndiyo maana alikuja mwenyewe, akasimama mlangoni pa kanisa Jumapili ibada ilipoisha, akawauliza mmoja mmoja, "Unashiriki?"

Alipojisikia akilitamka hilo swali, akakumbuka alikuwa amesimama wapi.

"Meza ya Bwana," alisema polepole.

"Kwani ulikuwa unauliza nini kingine? Mimi na baba Ekuam hatujafunga harusi, pasta hawezi kunipa mkate na divai. Nikakuambia ukweli, na aibu yangu yote. Nikajiuliza watu wa chuo wanatafutia nini mambo hayo."

Kagwiria akakalia kreti ya soda. Sura ya nne! Ile sura iliyomletea sifa: kwamba walioolewa hushiriki masomo mara mbili kuliko wasioolewa. Maprofesa waliifurahia sana. Mmoja akasema ndoa humtuliza mwanamke akasoma. Na yeye, binti wa mzee wa kanisa kule Meru, aliyelisikia neno "kushiriki" kanisani kila mwezi tangu utotoni, hakushtuka hata kidogo. Alitamani ardhi immeze.

Akampigia simu mkuu wa masomo wa chuo hapo hapo.

"Niliuliza vibaya," alisema. "Hao mliowatoa wanasoma. Utafiti wangu si kweli."

"Kagwiria, unajua unachosema? Mahafali ni mwezi ujao."

"Najua. Mrudishe Gladys Atabo."

"Mtihani ulifungwa jana, na nafasi yake ina mtu. Aombe upya mwakani, tutaona."

Simu ilikuwa na sauti kubwa, Atabo akasikia yote. Alipangusa meza iliyokwisha kupanguswa, halafu akakaa. Hasira ilikuwa imemtoka, na hilo ndilo lililomtisha Kagwiria.

"Kanisani sina neno," Atabo alisema. "Walisema pete kwanza, nikakubali. Huku kwa masomo nilikuja kwa sababu hakuna mtu aliniuliza pete."