Maji ya Kunguni

Jumamosi saa nane mchana Yasinta aliosha vyombo vyote kwa jagi moja la maji, akamwaga maji machafu kwenye shina la mpapai, akafuta meza, kisha akaweka roboti yake juu ya meza hiyo. Ilikuwa na uzito wa kilo moja na nusu. Bodi yake ilikatwa kutoka kwenye sufuria nene iliyotoboka. Mota zake zilitoka kwenye drili mbili zilizokufa. Upanga wake wa mbele, uliozunguka kwa kasi ya kuchana bati la paa, ulichongwa kutoka kwenye springi ya lori lililovunjikia Shelui. Aliiita Kunguni kwa sababu ilikuwa bapa na haikufa upesi.

Yasinta alikuwa na stashahada ya ufundi umeme na kazi ya kusuka mota kwenye kiwanda kidogo cha kukamua alizeti. Mumewe Eliya aliendesha lori na alirudi anaporudi. Watoto walikuwa wawili, wote wa shule. Kuanzia Jumatatu asubuhi hadi Jumamosi adhuhuri alitengeneza vitu vilivyoharibiwa na watu wengine. Kunguni ndicho kitu pekee alichowahi kukitengeneza bila kuombwa na mtu.

"Mama," alisema binti yake Febronia akiwa mlangoni, "Jumatatu shuleni kila mtu aende na lita tano za maji."

"Nimesikia."

Alikaza skrubu ya mwisho, akaweka roboti kwenye kikapu cha sokoni, akaondoka.

Mapigano ya roboti yalifanyika ndani ya tangi la maji la Isighu, mtaa ulio juu ya miamba ukishapita Mwankoko. Lilikuwa tangi la zege la lita elfu hamsini. Lilizinduliwa miaka sita nyuma kwa utepe, kwaya na pilau, na tangu siku hiyo halikuwahi kupata maji. Bomba liliishia mita mia tatu chini ya mlima, mahali ambapo kisima kilitakiwa kuchimbwa na hakikuchimbwa. Paa halikuwekwa. Kwa roboti lilikuwa zuri sana. Sakafu ilikuwa laini, kuta zilikuwa imara, na watazamaji walikaa juu ukingoni bila hatari ya kukatwa miguu.

Wachezaji walikuwa watatu. Chediel, mwalimu wa fizikia, alikuwa na mashine yenye ncha mbele iitwayo Jembe. Mselemu, fundi simu wa mjini, alikuwa na mashine iliyopambwa kwa vipande vya kioo na riboni. Hiyo iliitwa Bwana Harusi.

"Leo tunaoa," Mselemu alisema akiishusha kwa kamba. "Dada Yasinta, mtoe binti nje tumwone."

"Mwambie bwana harusi wako avae helmeti."

Dakika ya pili Bwana Harusi iliipata Kunguni ubavuni. Bodi ilichanika, waya mwekundu ukachomoza, na maji yakaanza kutoka kwenye mchaniko. Yalikuwa safi, yenye unene wa kidole gumba, na yalitiririka kwa dakika nne. Yasinta alizima rimoti, akashuka kwa ngazi, akaangalia kwanza betri. Betri ilikuwa kavu.

"Mashine yako inakojoa," alisema Mselemu.

Yasinta alichovya kidole, akaonja. Maji hayakuwa na chumvi kama ya visima vya chini. Juu ukingoni alikaa Bi Scola, mwenyekiti wa kamati ya maji ya mtaa. Alichaguliwa mwaka ule wa utepe, na kwa miaka sita hakuwa na maji ya kuyasimamia. Aliinuka, akajifunga khanga vizuri.

"Leteni ndoo," alisema.

Zilijaa ndoo mbili na nusu.

Jumamosi ya tatu foleni ilianzia kwenye ngazi ya tangi hadi barabarani. Wengine hawakusimama wenyewe. Waliweka jiwe au kipande cha tofali kwenye nafasi yao na kwenda kuendelea na shughuli zao, kama desturi ya mtaa ilivyokuwa tangu enzi za kisima cha zamani. Ndoo ya mzazi mwenye kichanga ilitangulia, ikafuata ya zahanati, kisha mawe kwa mpangilio wake. Bi Scola alikuwa na daftari na filimbi.

Kamati ilifanya majaribio ili kupunguza usumbufu. Kunguni ilifunguliwa kwa bisibisi, haikutoa kitu. Ilipigwa nyundo, ikabonyea tu. Yasinta na Mselemu walikubaliana kupigana kwa kuigiza, na Kunguni ilichanwa sehemu mbili, kavu kabisa. Jumamosi iliyofuata Bwana Harusi ilivunjwa gurudumu katika pambano la kweli, ikatoa kikombe kimoja cha chai. Jembe ya mwalimu ilitoa nusu ndoo.

Chediel aliandika namba hizo kwenye ubao wa kidato cha tatu na kuzitazama wakati wa mapumziko.

"Ni jinsi mtu anavyotaka kushinda," alimwambia Yasinta jioni hiyo. "Mimi nataka kiasi. Mselemu anacheza ili acheke. Wewe, mama, unataka kweli."

"Nani hataki kushinda?" Yasinta aliuliza.

"Wengi tu," alisema Chediel.

Tangu hapo Kunguni haikuwa ya Yasinta peke yake. Kadiri ilivyoboreshwa ndivyo alivyotaka zaidi ishinde, na kadiri alivyotaka ndivyo maji yalivyoongezeka. Watu walileta bawaba, spoku za baiskeli, kipande cha jembe la kukokotwa na ng'ombe, mota ya feni ya kanisani. Alipoweka gia za chuma badala ya plastiki, zilipatikana ndoo sita. Alipoweka mota mpya ya upanga, zilipatikana tisa. Tatizo likawa kwamba Kunguni ilishinda upesi mno kabla haijajeruhiwa vya kutosha. Kamati ikakaa na kupitisha kwamba kuanzia sasa Bwana Harusi na Jembe zitaishambulia kwa pamoja.

"Wawili kwa mmoja si mchezo," alisema Yasinta.

"Mwanangu, nani amesema mchezo?" alijibu Bi Scola. "Kuna ndoo sitini."

Kila Jumapili baada ya misa Yasinta alifungua mashine, akaikausha kwa moto wa jiko la mkaa, akaziba michaniko, akanyoosha upanga. Jumatatu mikono ilimuuma akishika mota za kiwandani. Mwezi wa saba alianza kusinzia akiwa amesimama. Eliya alipita siku moja akielekea Nzega, akala, akamtazama.

"Si uache tu?"

"Niache, wanao waoge nini?"

Eliya alipakia dumu lake la maji kwenye lori, akaondoka.

Kulikuwa na jambo moja ambalo Yasinta hakulisema hadi lilipokaribia. Katikati ya Agosti kulikuwa na mashindano ya roboti Dodoma. Alijaza fomu mwezi wa tatu, kabla ya maji, na jina lake likakubaliwa. Kanuni ya nne ilisema mashine inayovuja kitu chochote haitaingia uwanjani. Kunguni ilihitaji wiki mbili bila kuguswa ili ikauke hadi ndani ya gia. Alikwenda kwenye kamati akiwa na fomu mkononi.

"Shikamoo Bi Scola. Naomba Jumamosi mbili."

"Marahaba. Jumamosi ipi?"

Alizitaja. Bi Scola alifungua daftari. Jumamosi ya kwanza kulikuwa na harusi ya watu wa chini ya mlima. Ya pili, zahanati ilikuwa na chanjo.

"Sisemi usiende," alisema Bi Scola. "Nasema uniambie tu watu wanywe nini."

Jibu lilipatikana wiki hiyo hiyo, kwa barua. Mkaguzi wa miradi angekuja Alhamisi kuangalia tangi. Akiandika kwamba hakuna maji, mkandarasi angelazimika kurudi kuchimba kisima alichoandikiwa kwenye mkataba, na kuleta maji kwa boza hadi amalize. Mtaa ungepata bomba, na Kunguni ingekwenda Dodoma. Kamati ilifurahi kwa namna yake ya kuchoka. Yasinta aliomba ruhusa kazini. Jumatano alifagia tangi, akafukua mdomo wa bomba ili ukavu wake uonekane, na akawaambia majirani wafiche ndoo zilizojaa.

Mkaguzi alifika saa nne asubuhi kwa pikipiki, amejaa vumbi hadi kwenye kope. Aliitwa Benjamin, kijana wa miaka thelathini hivi, mwenye adabu. Njia ilipita kwa Bi Scola, kwa hiyo alisimama kusalimia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Pole na safari. Kaa."

Bi Scola alimletea maji ya kunawa kwenye beseni. Kisha akampa kikombe kutoka kwenye mtungi, kilichofunikwa kwa sahani kama mgeni anavyostahili. Mkaguzi alikunywa, akaomba cha pili. Alisema hajaonja maji mazuri hivyo tangu atoke kwao. Alipofika kwenye tangi tayari alikuwa ameweka alama ya vema kwenye mstari wa kwanza wa fomu.

Yasinta aliiona alama hiyo.

"Bwana mkaguzi, hapa hakuna maji."

"Nimekunywa vikombe viwili, mama."

"Hayakutoka kwenye bomba. Yalitoka kwenye mashine hii ikikatwa."

Mkaguzi aliitazama Kunguni ndani ya kikapu. Akaitazama sakafu ya tangi. Akaandika kitu.

"Nionyesheni," alisema.

Yasinta alifikiri haraka. Kama asipotaka kushinda, maji hayatatoka, na mkaguzi ataona tangi kavu kwa macho yake. Mselemu, aliyefunga kibanda chake ili aje, alimwelewa bila kuambiwa. Chediel aliomba ruhusa ya kipindi kimoja. Mashine tatu zilishushwa.

Mwanzoni alifaulu. Aliiacha Kunguni katikati kama sahani iliyosahauliwa. Jembe iliitoboa nyuma, hakikutoka kitu. Bwana Harusi iliibamiza ukutani, kavu. Mkaguzi alikuwa amegeuza penseli upande wa kifutio na kuanza kufuta. Yasinta alifikiria viazi, sare za shule, mota ya kiwandani yenye harufu ya kuungua. Alifikiria kila kitu asichokitaka.

Kisha Bwana Harusi iliigeuza Kunguni chali, na magurudumu yake yakawa yanazunguka hewani. Yasinta alikuwa ameitengeneza ili iweze kujigeuza yenyewe kwa kurudisha upanga nyuma ghafla. Mbinu hiyo ilimchukua miezi mitano kuipata, na hakuna mtu aliyewahi kuiona ikifanya kazi. Kidole chake kilibonyeza. Kunguni iliruka juu nusu mita, ikatua kwa magurudumu, ikakata riboni zote za Bwana Harusi kwa pigo moja. Watu ukingoni walipiga vigelegele. Jembe ilikuja kutoka pembeni, na Yasinta alitaka kushinda kuliko alivyowahi kutaka kitu kingine chochote.

Maji yalitoka kwa unene wa mkono. Mselemu aliposhuka kuichukua mashine yake, yalimfika kwenye vifundo vya miguu.

Mkaguzi alisubiri yatulie, akapima kina kwa rula.

"Yanatoka kila wiki?"

"Kila Jumamosi," alisema Bi Scola, ambaye hakuzoea kumdanganya mgeni.

"Lakini kisima hakijachimbwa," alisema Yasinta. "Andika hilo."

"Mama, ningeandika." Alimwonyesha fomu, na hakuwa na ubishi usoni. "Angalia mwenyewe. Inauliza maji yapo au hayapo. Haiulizi yanatoka wapi."

Aliandika kwamba yapo. Mahali pa maoni aliandika kwamba ladha ni nzuri na wananchi wana ushirikiano. Alimshukuru kila mtu kwa jina, akajaza chupa yake, akawasha pikipiki.

Yasinta na Bi Scola walibaki wameketi ukingoni, miguu ikining'inia ndani ya tangi. Chini yao watu walichota.

"Ungempa soda," alisema Yasinta.

"Soda?" Bi Scola alimtazama kama aliyetukanwa. "Mtu amekula vumbi toka mjini, nimpe soda?"

"Basi ungempa ya chumvi."

"Mgeni?"

Hata Yasinta asingempa mgeni maji ya chumvi.

Wiki iliyofuata ilikuja barua kwamba mradi wa maji wa Isighu umehakikiwa na jalada lake limefungwa. Mwenyekiti wa mtaa aliibandika kwenye mlango wa ofisi kwa gundi ya unga. Mkandarasi alilipwa sehemu yake ya mwisho na hakuja. Kutoka Dodoma walimwandikia Yasinta kwa simu wakiuliza kama bado anashiriki. Aliandika kwamba mashine inavuja. Walimjibu kwamba wanampa pole na kwamba anakaribishwa mwaka ujao.

Jumamosi ya mashindano kulikuwa na mawe themanini na moja kwenye foleni. Chanjo ilikuwa inaendelea zahanati, na vilio vya watoto vilifika hadi juu ya mlima. Yasinta alifika saa kumi kasoro robo. Alikuwa amelala kwa muda wa saa tatu tu usiku uliopita kwa ajili ya gia ya kushoto. Mselemu alikuwa amefunga riboni mpya kwenye Bwana Harusi, lakini hakusema neno kuhusu harusi.

"Dada, kama umechoka tungoje kidogo," alisema.

"Tukingoja nitaacha kuchoka?"

Alishusha Kunguni. Aliomba moyoni kwamba leo asitake kushinda. Alikuwa amechoka vya kutosha, ilistahili iwezekane. Aliitazama ikigusa zege, ikayumba kidogo, ikasimama sawa. Gia ya kushoto ilitoa sauti safi, sauti aliyokuwa ameitafuta usiku kucha, na hakuna mwingine pale juu aliyejua kwamba ni safi.

Bi Scola alipuliza filimbi.

Saa kumi na nusu zilikuwa zimejaa ndoo hamsini na nne. Kunguni ilikuwa imepoteza upande mzima wa kulia na Jembe haikuweza tena kusogea. Watu waliokuwa wamepata waliondoka na ndoo kichwani bila kumwaga tone, na wale wa nyuma wakasogeza mawe yao mbele.

"Yasinta mwanangu," Bi Scola aliita kutoka juu, akihesabu kwa kidole, "bado ishirini na saba."

Yasinta alishuka kwa ngazi, akakung'uta maji kwenye mashine, akabadilisha betri.