Buluu ya Mwezi wa Kumi

Blanketi lilianza kwa ubishi wa mume na mke. Somoe, mzaliwa wa Mpapura, alikuwa mtu wa haya. Mbele ya wageni sauti yake haikuvuka meno. Lakini chumbani na Bakari wake alijua kusema, na tangu aolewe Likombe neno lake lilikuwa moja.

"Huku kwenu joto tu. Asubuhi joto, usiku joto. Kwetu mtu hulala kajifunika."

"Na hapa baridi ipo," Bakari humjibu. "Wewe ndiye uliyekuja na jua lako kwenye sanduku."

Bakari alikuwa kibarua kwenye gati jipya la Mtwara. Msimamizi wa zege alikuwa na kipimajoto, kwa sababu zege halimwagwi ovyo bila kujua joto la siku. Kwa kuwa Bakari alisoma kuliko vibarua wenzake, yeye ndiye aliyepewa kukisoma kila adhuhuri na kuandika ubaoni kwa chaki. Siku moja ya Januari akarudi na shauri.

"Tuache kubishana kwa mdomo. Una nyuzi, una kulabu. Kila jioni nitakuletea joto la siku, wewe fuma mstari mmoja. Joto kali, nyekundu. Joto la wastani, manjano. Ubaridi, buluu. Mwaka ukiisha tulitandike blanketi tuone. Nyekundu ikizidi, nafunga virago nakufuata Mpapura, nikapalilie mikorosho ya mjomba wako. Buluu ikizidi, unakaa hapa na mimi na mama, na habari za Mpapura nisizisikie tena."

Nyuzi zilikuwa masalio. Somoe alikuwa akimfumia vitambaa vya meza Rukiyabai, mwenye duka kule Mikindani, na vibonge vilivyobaki aliachiwa. Vingine vilipauka kwa kukaa dirishani, vingine vilionjwa na panya.

Mama yake Bakari, Bi Mwanahawa, alipoona kazi hiyo alicheka mpaka akakaa chini. "Wenzako wanafuma kofia, wewe unafuma jua. Na jasho hili, blanketi utamfunika nani?"

Miezi ya mwanzo ilitoka nyekundu tupu. Somoe alitamba, akamwambia mumewe aanze kunoa jembe. "Ngoja kusi ivume," Bakari alisema. Kweli, kusi ilipoanza, ikawa anaingia uani akicheka. "Haya, mke wangu, tafuta buluu."

"Unaniibia wewe."

"Nenda kauulize ubao. Ubao hauli rushwa."

Siku aliyokufa Bakari ilikuwa mwezi wa sita, baada ya manyunyu. Mbao za jukwaa la ujenzi zilikuwa zimelowa, akateleza, akaangukia mawe. Alirudishwa nyumbani kwenye lori la kokoto, amefunikwa turubai. Jioni ile hakukuwa na mtu wa kusema joto lilikuwa rangi gani.

Somoe akakaa eda, miezi minne na siku kumi, ndani ya chumba kilekile cha ubishi. Matanga yalipoisha na watu kutawanyika, alilitoa blanketi. Kwa siku za msiba akafuma mistari ya uzi mweupe. Kisha akashika kulabu asiweze kuendelea. Machozi yalimtoka hata Bi Mwanahawa akaja kumwangalia.

"Mama, sijui joto la leo."

Kesho yake, kabla hakujapambazuka, Somoe alisikia mlango ukifunguliwa. Bi Mwanahawa alirudi jua likichomoza, miguu imelowa umande, akasimama kizingitini.

"Buluu," alisema.

"Nani kakwambia?"

"Selemani, yule mlinzi wa getini kule gatini. Siku hizi wanapima asubuhi."

Ikawa ndiyo kawaida. Kila siku mama alitoka gizani na kurudi na rangi, na kila siku rangi ilikuwa ile ile. Somoe alifuma. Alijua mistari inamshinda, lakini kila mmoja ulikuwa kama Bakari ameingia uani. Hakutaka siku moja ipotee.

Kusi ikatulia, mikorosho ikachanua, joto likarudi. Mwezi wa kumi jasho lilimdondoka juu ya kazi. Mama bado alisema buluu.

"Ni kweli, mama? Na joto hili?"

"Ndivyo ilivyo."

Uzi wa buluu ulipokwisha, Bi Mwanahawa alikwenda kwa miguu mpaka Mikindani. Akarudi mikono mitupu. "Rukiyabai anasema buluu hana, ana nyekundu tele, anauliza kwa nini hutaki nyekundu." Akafungua sanduku lake, akatoa sweta kuukuu la mwanawe, la buluu. "Fumua hili."

Somoe alilifumua polepole, akianzia mkono wa kushoto. Uzi ulitoka umejikunja, bado una vumbi la zege.

Eda ilipotimia wanawake walimwogesha, wakamvisha khanga mpya. Mjomba wake Ismaili alituma salamu kuwa kesho angekuja na baiskeli kumchukua, arudi kwao Mpapura. Alasiri hiyo Somoe alikaanga vitumbua, akavitia kikapuni, akajikaza, akaenda mpaka kwenye geti la gati kumshukuru Selemani.

"Shukrani ya nini, shemeji?" mlinzi aliuliza.

Somoe alijibu huku akitazama ardhi. "Ya joto. Kila siku ulikuwa unamwambia mama."

Selemani alikishika kile kikapu bila kukifunua. "Mama sijamwona tangu msiba. Na kipimajoto, shemeji, marehemu alikuwa nacho mkononi. Kilivunjika pale pale alipoanguka. Kingine hakijaletwa."

Alimkuta Bi Mwanahawa uani akimenya mihogo.

"Mama, alfajiri ulikuwa unakwenda wapi?"

Kisu kilisimama. "Kwa mwanangu."

"Makaburini?"

"Wanaume wa hapa hawataki wanawake kule. Kwa hiyo nakwenda wao wakiwa msikitini. Naweka kiganja juu ya udongo wake, nasikiliza joto, narudi nakwambia."

"Na siku zote buluu?"

"Siku zote baridi, mwanangu. Nimekwenda kusi, nimekwenda hata sasa. Sijakuta pale udongo wa moto hata siku moja."

Somoe alikumbuka umande kwenye miguu ya mama. "Unajua tuliwekeana nini mimi na Bakari?"

"Ukuta wa udongo unasitiri nini? Nilijua. Lakini sikukudanganya kwa hilo. Nilikwambia nilichokikuta."

Somoe aliingia ndani, akalitandika blanketi mkekani. Hakukuwa na haja ya kuhesabu. Akashika ncha ya uzi, akavuta. Mstari wa mwisho ukafumuka, uzi wa sweta ukaangukia mapajani. Alikaa hivyo, uzi mkononi, mpaka alipoitwa kula.

Alfajiri mlango ulipofunguliwa, alikuwa amekwisha kujifunga khanga. Walikwenda wawili. Kaburini Somoe alipiga magoti, akaweka kiganja pale alipoonyeshwa. Akakiacha muda mrefu. Kisha mama akamshika bega, kwa sababu swala ilikuwa inakwisha.

Mjomba Ismaili aliwasili jua limekwisha kuwa kali. Aliegemeza baiskeli ukutani, akaanza kufunga furushi la mpwa wake nyuma, huku akijifuta jasho kwa ncha ya shuka. Somoe alikuwa kizingitini na kulabu, uzi wa buluu umemzunguka kidole.

"Nyanyuka, mwanangu. Unafuma nini saa hizi?"

"Baridi ya leo, mjomba."

Mjomba alitazama juu, akamtazama Bi Mwanahawa. "Huyu mzima kweli?"

Somoe alimaliza mstari, akakata uzi kwa meno. "Tulishindana, mjomba, nikashindwa," alisema, na safari hii hakuinamisha uso. "Lifungue furushi. Nakaa hapa na mama."