Uji Aliourudisha Mkaza Mwanangu

Darlene alirudisha uji wangu mbele ya akina mama wa kanisa. Aliweka kibuyu mezani polepole, kama mtu aliyekuta nzi ndani, akatabasamu. "Asante, Mwaitu. Nimeshiba. Labda baadaye."

Nimeshiba! Na tangu aamke hakuwa ametia kitu mdomoni ila maji ya chupa.

Darlene ni mke wa mwanangu Onesmus. Yeye ni Mwamerika, lakini wanaishi Uingereza, mji unaoitwa Leicester, ambako Onesmus anafanya kazi ya kutunza wazee. Walikuja kwetu Mua Desemba ya mwaka 2003, mara yao ya kwanza tangu waoane. Siku hiyo Onesmus alikuwa ameenda Wamunyu kutafuta vinyago vya kupelekea wakwe zake, akaniachia mke wake na wageni wa ushirika wetu wa kanisa. Kiswahili alikuwa amemfunza, naye alikisema bila aibu, na mimi akaniita Mwaitu, yaani mama kwa Kikamba chetu.

Kibuyu kilipogusa meza, akina mama waligeuka wote kukitazama. Wifi yangu Kavata, dada ya marehemu mume wangu, alikohoa.

Kikohozi hicho nilikijua. Mume wangu Kitheka alikufa ghafla, baada ya kula chakula nilichompikia. Daktari akasema ni moyo. Kavata akasema ni sahani. Hakusema kanisani wala kwa chifu, maana hapo ningemjibu. Alisema kisimani na shambani, kwa maneno ya nusu nusu, na tangu mazishi hakuwahi kutia tone la chai yangu mdomoni. Kwetu Ukambani, ukisemwa umetilia mtu kitu kwa chakula, umekwisha. Watoto wanakatazwa kupitia kwako. Miaka tisa nilisimama na Mungu wangu, nikipika na kukaribisha, mpaka watu wakaanza kula kwangu tena mmoja mmoja. Na sasa mkaza mwanangu mwenyewe, mbele ya macho yao, anaogopa uji wangu.

"Kumbe hata wa ng'ambo wameambiwa," Kavata akamnong'oneza jirani yake, kwa sauti ya kumfikia kila mtu.

"Darlene," nikasema, "njoo jikoni."

Tabasamu lile nilijua limetoka wapi. Wiki nzima alikuwa amekalia kigoda changu, tukichambua maharagwe, akinisimulia maisha ya Uingereza. Alifikiri atakaa kule kama kwao, kwa vile lugha ni moja. Wapi! Jirani alimwambia, "Lazima uje tunywe chai siku moja," naye akauliza papo hapo, siku gani? Jirani akawa mwekundu shingo yote, na chai yenyewe hajaiona mpaka leo. Watu wa huko husalimiana kwa kuuliza, "Uko sawa?" Mwaka wa kwanza Darlene alikuwa anasimama kwenye baridi kuwaeleza jinsi mgongo unavyomuuma, na wao wanarudi nyuma kidogo kidogo. Akiongea na mgeni kwa basi, basi yote inatazama nje. Kazini alimwambia mkubwa wake waziwazi kwamba mpango wake ni mbaya, na kwa siku nyingi wenzake wakipika chai wanamruka. Basi akajifunza. Akajifunza kukataa kwa kusema ameshiba, kuchukia kwa kusema inapendeza sana, na kutabasamu juu ya yote. Nilipokuwa namsikiliza nilimhurumia. Sikujua hiyo tabia ameibeba mpaka kwangu.

Nikafunga mlango wa jikoni.

"Umeshiba nini?"

"Mwaitu, niko sawa. Kweli."

"Usiniambie uko sawa! Mimi si jirani yako wa Leicester. Umeambiwa nini juu yangu?"

"Sijaambiwa kitu."

"Kavata amekwambia nini?"

"Kavata hata hanisalimu." Tabasamu likaanza kurudi. "Uji unaonekana mzuri sana, ni vile tu..."

"Funga hayo meno!" Nikamwomba Mungu anishike ulimi, lakini ulimi ulikuwa umeshatoka. "Miaka tisa nimetukanwa kwa sababu ya sufuria yangu, na wewe unakuja kunimaliza kwa kucheka cheka! Sema! Sema kama vile mama yako alikuzaa!"

Uso wake ukabadilika. Meno yakaingia ndani.

"Ulikunywa!" akapaza sauti. "Ulikunywa kwanza halafu ukanipa! Uko na mafua tangu Jumatatu, unaweka mdomo wako hapo, unanipa mimi! Sitaki mate ya mtu! Hata Onesmus hanywi kwa kikombe changu!"

Wiki nzima alikuwa anakunywa chai kwa kikombe chake, lakini kibuyu hutolewa siku ya heshima, na kwetu mwenye nyumba huonja kwanza ili mgeni ajue hakuna kitu ndani. Mimi nilikuwa nimevuta funda kubwa, makusudi, ili Kavata aone. Kumbe funda hilo hilo ndilo lililomfukuza mgeni.

"Ni ya kukuonyesha hakuna sumu, wewe mtoto!"

"Sumu? Sumu gani?"

Nikamweleza yote, na hasira yangu juu. Alinisikiliza, masikio yakawa mekundu.

"Huyo mama anasema uliua baba ya Onesmus? Na hakuna mtu amemwuliza?"

"Mambo kama hayo hayaulizwi."

"Kumbe hapa ni Uingereza," akasema, akafungua mlango.

Sikuwahi kumzuia. Alisimama katikati ya akina mama, mikono kiunoni.

"Nimekataa uji kwa sababu ya mate. Mwaitu ako na mafua. Sitakunywa mate yake leo, na kesho sitakunywa. Nani alisema sumu?"

Mimi, niliyesugua nyumba ile tangu alfajiri, natangaziwa makamasi yangu mbele ya ushirika! Mueni, mwenyekiti wetu, alijifunika uso kwa leso, mabega yakicheza.

"Aiya! Mate tu?" akauliza.

"Mate tu," Darlene akasema.

"Anaficha huyo," Kavata akasema. "Mtu hakatai chakula cha mama mkwe kwa sababu ya mate."

Nikachukua kibuyu kwa mikono miwili, nikasimama mbele yake.

"Kavata, mwache mtoto. Zungumza na mimi. Mate yangu unayajua, tulikuwa tunakula sahani moja kabla Kitheka hajafa. Kama kuna kitu humu ndani, waambie hawa ni kitu gani. Kama hakuna, kunywa."

"Mimi nimeshiba."

"Hata wewe?" Mueni akauliza, na sasa leso ilikuwa imeshuka. "Kunywa, Kavata, ama useme. Tumechoka kusikia nusu."

Kavata aliwatazama mmoja mmoja. Hakuna aliyeinamisha macho. Akapokea kibuyu, akafumba macho, akalamba kidogo.

"Wote," nikasema.

Akanywa wote. Tulikuwa tunasikia koo lake likimeza. Alipomaliza akapangusa mdomo kwa kiganja, akanirudishia kibuyu bila kunitazama.

"Sukari ni kidogo," akasema.

"Sukari iko dukani," nikamwambia. "Ukija kesho, uje nayo."