Karata za Kwenye Laini

Jumamosi sita mfululizo Mellen ndiye aliyetangulia kutoka mchezoni, na kwa sheria yao, anayetangulia kutoka mara saba mfululizo hukiacha kiti. Kiti chenyewe kilikuwa cha mumewe.

Si kiti cha mbao kinachosemwa hapa, ingawa nacho kilikuwepo, mbele ya ubao wa simu wa Migori, na mto wake wa kijani ulikuwa bado umeshika umbo la Oliver. Kinachosemwa ni nafasi kwenye laini. Mwaka huo wa 1994 simu za upande ule zilikuwa zingali zinapita mikononi mwa watu. Unazungusha mpini, opereta anaitika, unamtajia mji unaoutaka, naye anachukua uzi na kuuchomeka tunduni. Maopereta walijuana kwa sauti miaka na miaka bila kuonana uso. Na Jumamosi alasiri, ofisi zikishafungwa na simu za watu zikipungua, walicheza poka.

Mgawaji alikuwa Mzee Gichana wa Kosele, kwa kuwa laini za wote zilipitia kwake. Karata halisi zilikuwa mezani pake tu. Wengine walikuwa na kalamu na karatasi. Alizichanganya, kisha akaingia kwenye laini ya kila mchezaji peke yake na kumnong'oneza karata zake tano: saba ya kopa, nne ya uru, kwini ya shupaza. Hakuna aliyewahi kumshuku. Uliruhusiwa kubadilisha karata mara moja, halafu aliwaunganisha wote pamoja, na kila mtu akatia mbegu. Mbegu zilikuwa punje za maharagwe, hamsini kila mmoja mwanzo wa alasiri. Waliobaki hadi mwisho walisomewa karata zao kwa sauti, na mwenye mkono bora akachukua. Aliyeona mkono wake hauna kitu alisema "natupa", na hapo Mzee Gichana akachomoa uzi wake mpaka mgao unaofuata, maana nyuzi za Kosele zilikuwa chache na mtu mwenye shida ya kweli angeweza kupiga wakati wowote. Kwa ajili ya uchache huo viti vilikuwa vitatu tu: Migori, Homa Bay na Mbita. Caleb wa Sori alikuwa amengoja kiti mwaka mzima.

Oliver ndiye aliyewafundisha mchezo huo. Aliupata kwa fundi mmoja wa laini aliyetoka Kampala, akauleta kwenye simu kama mtu anayeleta mche kutoka mbali na kuupanda kwake aone kama utashika. Ulishika. Kisha mwezi wa Novemba akafariki, kwa homa ya siku nne.

Ofisi ilimpa Mellen kazi ile kwa muda, kwa kuwa alikuwa na cheti cha kidato cha nne na ubao alishaujua kwa kumtazama mumewe. Jumamosi yake ya kwanza, kibao kidogo cha Kosele kilianguka ubaoni, ishara kwamba anapiga, kengele ikalia, na sauti ya mzee ikauliza taratibu, "Migori, tukugawie?"

Alisema ndiyo kabla hajafikiri.

Mellen hakutaka ushindi. Alitaka kuwapo. Nyumbani watu walikuwa wameacha kulitaja jina la Oliver, kwa huruma, na huruma yao ilimfukia mara ya pili. Kwenye laini bado alikuwa anatembea. Noordin wa Homa Bay aliweza kuiga kikohozi chake. Benta wa Mbita alisahau na kusema, "Oliver hapendi hivyo," kana kwamba Oliver ametoka kidogo tu. Mellen aliisikiliza laini ikivuma nyuma ya sauti zao, mvumo wa waya ulionyooshwa juu ya mashamba na mabonde hadi ziwani, na mara nyingine ilikuwa kama amelala na anajua kwamba amelala, wala hataki kuamshwa.

Jumamosi hiyo ya sita Noordin alikuwa na furaha yake yote.

"Shemeji," alisema, "umenipa maharagwe ya wiki nzima. Mke wangu anakushukuru. Anauliza nazi je, zinakuja lini?"

"Nazi mtatumiwa kutoka kwenu Lamu," Mellen alisema.

"Kwetu Lamu mtu akiona hatari anakaa kando. Nimeshika kingi tatu, nimetia kumi, nimetia kumi nyingine, na bado unanifuata na jozi ya sita. Mpaka mimi nikaogopa. Nikasema huyu ana siri."

"Muache mwenzio, omera, ndugu yangu," Benta alisema. "Hata wewe mwaka juzi ulitoka wa kwanza mara tano. Ulikuwa unalia tukisikia."

"Yalikuwa mafua, Benta."

"Mafua ya Jumamosi tu."

Wakacheka, hata Mellen akacheka, kisha sauti zao zikaondoka moja moja. Mzee Gichana alibaki.

"Unaandika?" aliuliza.

"Naandika kila mkono, kama ulivyoniambia."

"Basi kesho usome. Karata usizitazame. Tazama ulichofanya."

Jumapili, baada ya kanisa, Mellen aliketi kitandani na daftari. Mikono ilikuwa arobaini na mitatu. Tangu Jumamosi ya kwanza ya kushindwa alikuwa amejiambia kwamba karata zimemkataa, kwamba bahati ya nyumba ile ilitoka na jeneza na haikujua njia ya kurudi. Sasa aliufuata mwandiko wake kwa kidole. Nimefuata. Nimefuata. Nimeongeza. Nimefuata. Karata hazikuwa mbaya kuliko za mtu mwingine yeyote. Palikuwa na jozi, palikuwa na tatu za aina moja mara nne, palikuwa na takataka kama kawaida. Lakini katika mikono yote arobaini na mitatu hakuona mahali alipoandika "nimetupa".

Jumatatu asubuhi, kabla wafanyabiashara hawajaamka na simu zao, alichomeka uzi wa Kosele.

"Sijatupa hata mara moja," alisema.

"Najua. Mimi ndiye ninayechomoa nyuzi. Wako sijaugusa tangu uanze."

"Na hukuniambia."

"Ungetupa kwa kunitii mimi. Wiki ya pili ungerudia."

Mellen alikunja na kukunjua kona ya daftari. "Mzee, ukichomoa panakuwa kimya."

"Panakuwa kimya, ndiyo."

"Kimya hicho mimi sikiwezi. Nikiwa na jozi ya sita ama nikiwa sina kitu, afadhali nifuate, nibaki nawasikia." Alilifunga daftari. "Nilidhani pia nacheza kama yeye."

"Kama Oliver?" Mzee Gichana alicheka kidogo, cheko la puani. "Oliver alikuwa akitupa zaidi yetu sote. Mikono kumi, saba katupa. Hiyo ndiyo ilikuwa akili yake yote. Akikaa, ujue ana kitu. Akiwa hana, ananiambia, chomoa, Mzee, nikamsalimie mke wangu."

Mellen aliona akilini ua lililo nyuma ya ofisi, lile lililotenganisha dirisha la ubao na vyumba vyao viwili. Jumamosi alasiri ilikuwa siku yake ya kufua. Oliver alikuwa akitokea mlangoni, mikono mfukoni, anakuja mpaka kwenye beseni na kusimama. Hakuwa na neno la maana. Alisema sufuria ile inataka kuzibwa, au leo jua limekaa vizuri. Alikunywa maji nusu kikombe, akamtazama akisuuza, na kengele ilipolia dirishani alirudi ndani bila haraka. Mellen alidhani kazi ya Jumamosi ni nyepesi tu. Wakati mwingine hata alimwambia asimsimamie juani kama polisi.

Saba kati ya kumi. Safari zile zote za uani zilikuwa karata mbovu.

"Migori?" Mzee Gichana aliita. "Bado uko?"

"Niko," alisema, na akakaa hivyo na hedifoni kichwani mpaka mteja alipogonga kioo.

Jumamosi ya saba ilianza saa nane. Caleb wa Sori alipiga mapema kuuliza kama ajiandae, na Mzee Gichana akamwambia aendelee na samaki wake.

Mkono wa kwanza Mellen alipewa nne, saba, tisa, jeki na mbili, za rangi zote. Alibadilisha tatu, akapata nyingine za namna ile ile. Noordin alitia mbegu tano. Benta akafuata.

"Migori?"

"Natupa," Mellen alisema.

Noordin alianza kusema kitu, na neno lake likakatika katikati. Kimya kikaja. Kilikuwa kizito na cha baridi, kama maji ya kisima yanayopanda kifuani, na Mellen alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Alihesabu pumzi. Alipofika thelathini na kitu, kibao kilianguka na sauti zikarudi, Noordin akimaliza kucheka jambo ambalo Mellen hakulisikia.

"Shemeji, ulikwenda wapi? Nilidhani wamekukatia laini."

"Nilipumzika."

Alitupa mkono wa pili. Alitupa na wa tatu, na safari hiyo aliivua hedifoni, akailaza juu ya ubao, akatoka. Jua lilikuwa limekaa uani kama kitambaa kilichoanikwa. Kutoka barabara ya Isebania lori lilipita na vumbi lake likapanda polepole, halikushuka, likabaki hewani likimeta. Mellen alitembea mpaka mahali Oliver alipokuwa akisimama. Hakumwona. Alichokiona ni kile alichokuwa akikiona Oliver: mlango ulio wazi, beseni lililoinamishwa ukutani, kamba, na nafasi ile ambapo mwanamke angeinua kichwa na kumuuliza anatafuta nini. Alisimama pale mpaka kengele ilipolia dirishani, naye akarudi ndani bila haraka.

Mbegu zake zilipungua moja moja kwa kila mgao, kwa kuwa ilibidi kutia moja kabla ya kupewa karata, lakini zilipungua kama maji ya mtungi mzima, si kama ya uliovunjika. Kila alipotupa alitoka nje. Mara ya tano hakuhesabu pumzi. Mara ya sita alikunywa maji.

Kisha Mzee Gichana alimnong'oneza tisa mbili, na alipobadilisha akampa tisa ya tatu. Mellen alitia kumi.

"Hizo ni zile jozi za sita," Noordin alisema. "Nakufuata. Naongeza kumi."

"Nafuata," alisema Mellen.

Karata zikasomwa. Noordin alikuwa na esi mbili.

"Mzee, soma tena za Migori," Noordin alisema.

"Tisa, tisa, tisa. Nisome mara ya tatu?"

Tangu hapo Noordin alianza kukimbilia kila mkono ili arudishe alichopoteza. Mellen alizijua mbio hizo. Alizisikia katika sauti yake, jinsi alivyosema "nafuata" kabla hajaulizwa, na alimhurumia, lakini hakumwambia. Saa tisa na nusu Benta alimfunulia kingi tatu na kumaliza maharagwe yake.

"Homa Bay imekwisha," Mzee Gichana alitangaza. "Imetoka ya kwanza. Migori, hesabu yako ya saba imefutika. Kiti unacho."

"Shemeji," Noordin alisema, "wiki sita umenilisha ili uninenepeshe, kumbe siku ya kunichinja unaijua. Marehemu alikuwa hivyo hivyo. Msalimie Caleb, mwambie kiti changu asikitafute." Naye akachomolewa.

Walibaki wawili. Mkono uliofuata Mellen alipata kwini mbili na saba mbili. Hakuwa amepata mkono mzuri namna hiyo tangu tisa zile. Benta alibadilisha karata moja tu, akakaa kidogo, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi, "Natia zote, nyaminwa, dada yangu."

Ukifuata unaona karata za mwenzako. Ukitupa huoni. Mellen aliziangalia karata tano alizoziandika kwa mkono wake mwenyewe. Benta alikuwa mtu wa kucheka anapotisha bila kitu mkononi, na sasa hakucheka. Waya ulivuma. Wiki iliyopita angefuata bila kungoja, hata kwa jozi ya sita.

"Natupa," alisema.

Alitoka, akasimama, akarudi. Kengele ilipolia, Mzee Gichana alikuwa peke yake.

"Benta anahudumia mtu wa Rusinga, tumngoje," alisema. "Migori, hizo kwini na saba zilikuwa nzito. Sheria hainiruhusu, lakini leo naweza kukuambia alikuwa na nini."

Mellen alitaka kujua. Mkono wake ulikaza hedifoni sikioni. Tangu Novemba alikuwa akiuliza jambo moja usiku na mchana, kwamba lau angempeleka Oliver hospitali siku ya pili badala ya siku ya nne ingekuwaje, na hakukuwa na mtu wa kumnong'oneza. Alikuwa amelifuata swali lile na kulifuata, kila siku akitia kitu juu yake, na halikuwahi kufunuliwa.

Nje kuku alilia mara moja, akanyamaza.

"Acha, Mzee," alisema. "Benta akirudi, gawa."