Uongo Aliodanganyiwa Ifan

Nerys aliiona ile karatasi kwa bahati tu. Alikuwa anatafuta biskuti juu ya friji, na chini ya kopo akakuta karatasi ya bima. Gari: ile Fiesta ya kijivu ya mdogo wake, Ifan. Dereva mkuu: Gwilym, yaani baba yao, miaka hamsini na miwili. Dereva wa ziada: Ifan, miaka kumi na minane. Bima ya mwaka mzima, pauni mia sita na arobaini.

Mia sita na arobaini! Aliisoma mara tatu, biskuti ikamkaukia mdomoni.

Maana yeye mwenyewe, alipopata leseni miaka miwili nyuma, alilipa elfu mbili na mia nne. Kigari chenyewe alikinunua elfu moja na mia moja. Ndiyo, bima ghali kuliko gari mara mbili, na kule kwao Wales hakuna anayeshangaa. Kijana mwenye leseni mbichi, makampuni humhesabu kuwa ameshagonga, bado tu kumjua aliyegongwa. Na hata bei ile aliipata kwa sababu alikubali kufungiwa kisanduku cheusi chini ya usukani, mbea asiyelala, kinachoipelekea kampuni habari zake zote ili impe maksi: kakata kona kwa kasi, kakanyaga breki kwa pupa, kaonekana barabarani saa tano usiku. Kwenye harusi ya rafiki yake aliaga keki haijakatwa. Elfu mbili zile alizipata kwa kuosha na kulisha wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee pale Tregaron, zamu mbili mbili, hadi mgongo ukamlilia.

Na Ifan je? Ifan kaandikiwa jina la baba, basi. Wakati kila mtu mle ndani alijua kuwa Gwilym, fundi wa mapaa mwenye gari lake kubwa la kazi, hajawahi hata kuikalia ile Fiesta. Anayeiendesha kila siku ya Mungu ni Ifan, alfajiri, kwenda kiwanda cha maziwa. Kumwandika baba kuwa dereva mkuu ni uongo, tena uongo wa kushitakiwa. Wazazi kibao kule vijijini huusema, halafu hujiambia kuwa si uongo hasa, ni kusaidia mtoto tu.

Hiyo ndiyo iliyomchoma. Si pauni. Kumbe baba anajua kudanganya! Kwa nini basi hakumdanganyia yeye?

Alimfuata uani, akamkuta anafunga ngazi juu ya gari.

"Baba, bima ya Ifan umeiandika jina lako."

Gwilym hakugeuka. "Nani kakwambia?"

"Karatasi imeniambia. Mimi mbona hukuniandikia?"

"Hukuniomba."

"Kwani yeye alikuomba?"

Gwilym akakaza kamba, akaikaza tena ingawa ilikuwa imeshakaza. "Hapana," akasema. "Lakini wewe ni mtu wa kujiweza, Nerys. Nilijua utaweza. Huyu mwenzio ukimwachia peke yake, anazama."

"Kwa hiyo nimeadhibiwa kwa kujiweza."

"Usianze, mwanangu. Mvua inakuja."

Kweli ikaja, naye Nerys akabaki palepale inamnyeshea kama mjinga. Wivu una mambo. Mtu ukishamshika huanza kuhesabu hata vya zamani. Nerys akakumbuka baba alivyokuwa akimfundisha yeye kuendesha: "Breki! Breki, we mtoto, unataka kutuua?" Ifan je? "Taratibu, bwana mkubwa. Hakuna haraka." Yeye alifeli mtihani mara tatu, akafaulu wa nne, na nyumbani wakasema afadhali. Ifan alifaulu mara ya kwanza, mama akaoka keki.

Na Ifan mwenyewe, maskini, hakuwa na neno baya. Hapo ndipo alipoudhi zaidi.

"Dada, leo umepata maksi ngapi kwenye kisanduku chako?" angeuliza akichezesha funguo. "Wamekupa nyota? Wamekupa pipi?"

"Nenda zako."

"Saa nne na nusu hii, bibi! Usitoke tena, utageuka boga kama kwenye hadithi!"

Mama anacheka. Baba anacheka. Nerys anacheka pia, kwa meno tu, ndani roho inamtoka.

Mwezi wa pili wa leseni yake, siku ya mnada wa kondoo, Ifan akarudi nyuma bila kutazama na kuliingia Land Rover la mkulima mmoja. Hakuumia mtu. Taa ikavunjika, mlango ukabonyea, mkulima akatukana kwa Kiwelshi hadi kondoo wakanyamaza. Ifan akapiga picha, akaipigia kampuni, akarudi nyumbani uso mweupe.

"Ndiyo kazi ya bima hiyo," Gwilym akamwambia, akampiga bega. "Usijali."

Usijali! Nerys, aliyewahi kufokewa wiki nzima kwa kukwaruza rimu, akainuka mezani akaenda kulala saa mbili.

Alhamisi iliyofuata alikuwa na siku ya mapumziko. Baba yuko juu ya paa la watu huko Lampeter. Mama, Eluned, yuko kazini, jikoni mwa shule. Ifan yuko kwenye maziwa yake. Saa nane na dakika kumi simu ya nyumbani ikalia.

Ilikuwa sauti ya mama mmoja, ya upole, kutoka kampuni ya bima, kuhusu ile ajali ya mnadani. Anamtaka bwana Gwilym. Hayupo? Hakuna tabu. Labda binti angeweza kumsaidia kwa jambo dogo. Ile Fiesta, kwa kawaida, nani huiendesha zaidi?

Hapo angeweza kusema sijui. Angeweza kusema piga jioni. Maneno hayo alikuwa nayo mdomoni, tayari kabisa.

"Mdogo wangu," akasema. "Kila siku."

"Na baba?"

"Baba hajawahi kuigusa." Kisha, maana moyo ulikuwa umeshafunguka kama bomba lililopasuka, akaongeza na asiyoulizwa: "Kaulizeni kiwanda cha maziwa. Ina nafasi yake ya kuegeshwa pale, kuanzia saa kumi na moja alfajiri."

Mama yule akamshukuru sana. Nerys akakata simu, akajisikia mwepesi. Raha ile, nisiseme uongo, ilikuwa tamu. Ilidumu mpaka chai ilipochemka.

Barua ilikuja baada ya wiki mbili. Bima imefutwa, ihesabiwe haikuwahi kuwapo. Gharama ya Land Rover ni juu ya Gwilym. Na kwa vile gari lake la kazi nalo lilikuwa na bima kwao, hilo pia wameliacha. Na kila kampuni atakayoiendea kuanzia leo, lazima aseme kuwa alishafutiwa bima kwa udanganyifu. Alipiga simu kampuni tano. Bei ya chini aliyopewa ingemlia faida ya mapaa ya mwaka mzima. Fundi wa mapaa bila gari, ngazi atabeba kichwani?

Jumapili wakakaa mezani kula, nyama ya kondoo na viazi. Kisha Eluned akaweka uma chini.

"Nataka kujua nani kasema. Ifan, ni mdomo wako huo. Umejisifu kazini."

"Mama, naapa! Sijamwambia mtu!"

"Basi wamejuaje hadi wakaandika kwenye barua saa unayoegesha? Wameota?"

Ifan alikuwa karibu kulia, mtu mzima mwenye ndevu tatu. Nerys akaikodolea macho sahani yake.

"Niliwauliza," Gwilym akasema. "Nilipowapigia Ijumaa. Wakanipa siku na saa. Wanaandika kila kitu, watu hawa. Alhamisi, saa nane na dakika kumi, simu ya hapa nyumbani."

Gwilym akainua macho na kumtazama binti yake. Hakumtazama kwa hasira. Afadhali ingekuwa hasira.

"Ni mimi," Gwilym akasema. "Niliwauliza nikitumaini hawakuandika. Siku ile nilirudi kuchukua misumari. Simu ikalia, wakaniuliza, uongo ukanishinda."

"Wewe!" Eluned akasukuma kiti. "Unajichongea mwenyewe, Gwilym? Mjinga wewe, umetumaliza!"

"Baba," Ifan akasema, sauti imekatika, "si ungeniambia tu."

"Nimekosa," Gwilym akasema. "Nisameheni."

Eluned akatoka, mlango ukapigwa hadi vikombe vikalia. Ifan akamfuata. Nerys akafungua mdomo, na safari hii alitaka kusema kweli kwa dhati ya moyo wake.

"Baba, mimi ndiye..."

"Kula, Nerys," baba yake akasema. Akamsogezea viazi. "Ulisema wewe sijakudanganyia. Haya. Kula."