Habari za Kazi, Bujiku

Mbuke alishuka kwenye basi la kutoka Mbeya pale stendi ya Iringa akiwa na kikapu cha viazi vitamu na mume wake. Mume wake, Bujiku, alikuwa amekufa tangu masika. Kondakta hakumtoza nauli, maana utaratibu ulisema marehemu halipi kama hakukalia kiti, na Bujiku alikuwa amesimama njia nzima kutoka Igawa. Iringa ilikuwa na baridi ile ya Juni inayouma masikio. Bujiku, ambaye baridi ilikuwa haimhusu tena, alivua koti akampa mkewe, wakatembea hadi Mlandege.

Huko ndiko yalikokuwa makao makuu ya Shirika la Mpunga, na ndani yake kilikaa Kiini. Kiini kilikuwa mashine kubwa kama makabati mawili ya nguo, iliyoletwa kwa lori kutoka Dar es Salaam ili kupiga hesabu za mavuno. Ilipoonekana kwamba wakubwa hawapendi mavuno yapigiwe hesabu, Kiini kikapewa kazi ya kuendesha wafanyakazi. Tangu hapo hakuna aliyefanya jambo kwa mkono wake mwenyewe. Mtu akitaka kufungua lango la maji, kuchukua jembe stoo au kwenda msalani, alipaswa kukiita Kiini kwa simu ya shamba. Kikikubali, mkono ulifanya. Kisipokubali, mkono uligoma, na mwenye mkono alirudi kukaa. Wataalamu walisema ni kwa usalama wa wote.

Anayetaka kumwendesha mwenzake naye alipitia hukohuko. Amri zenyewe zilikuwa chache: Zaa, Lala, Amka, Subiri, Kufa. Alizipiga Benedicta, karani wa taipureta, kwa maneno ya mkubwa aliyesimama nyuma yake. Kwa Kiini mtu haajiriwi, anazaliwa. Meneja alisema Zaa, na mfanyakazi mpya alitoka mlangoni akiwa na namba yake ya kazi na sura ya meneja, kitambi na kikohozi cha meneja, mpaka apangiwe kazi. Hapo ndipo sura yake mwenyewe ilimrudia. Mbuke hakusahau siku ile Bujiku aliporudi nyumbani na uso wa Ndugu Liberatus. Alimpa ugali wake kama kawaida, ila alimlaza sebuleni.

Ndugu Liberatus alikuwa meneja wa mifereji, mtu wa suti ya Kaunda na kalamu za rangi zote mfukoni. Yeye ndiye aliyegundua kwamba mfanyakazi aliyelazwa hali chakula. Basi kila adhuhuri, wakati wa chakula, alimwambia Benedicta apige Lala, na watu wa Igawa walilala palepale walipo, wamesimama mferejini na majembe mabegani. Saa ya chakula ikipita, walipigiwa Amka. Unga ulibaki, na Ndugu Liberatus alipongezwa kwenye mkutano. Siku moja pongezi zilirefuka, akasahau Amka. Huko shambani mtu mwingine aliomba kufungua lango la maji. Kiini kikakubali, kwa kuwa hakuna aliyekiambia kikatae. Bujiku alizama akiwa usingizini.

Alizikwa mara kadhaa. Kila akizikwa, asubuhi yake alikutwa amekaa ukingoni mwa mfereji, kaburi liko wazi. Kiini hakimwachii mfanyakazi aliyekufa mpaka yule aliyemzaa amuulize ameishiaje, na kisikie jibu. Kwa hili Mbuke hakuwa na ugomvi na Kiini. Hata nyumbani kwao hakuna maziko bila mtu kusimama mbele ya watu na kueleza marehemu alifikwa na nini. Alichotaka ni swali hilo tu. Alitaka Ndugu Liberatus aulize, na asikie.

"Habari za asubuhi, Ndugu Meneja," alisema Mbuke mlangoni.

"Nzuri, mama. Habari za Igawa?"

"Nzuri, ila mume wangu amekufa."

"Tunashukuru Mungu," alisema Ndugu Liberatus, akafunga mlango.

Ndivyo tulivyolelewa. Nzuri hutangulia, na ila hufuata kama kuna atakayeingoja. Mtu ambaye nyumba yake inaungua atajibu nzuri kwanza ndipo aombe ndoo.

Mbuke na Bujiku wakakaa kwenye benchi la ukumbini. Walipaswa kubanana, kwa sababu lilikuwa limejaa wafu wengine wa mifereji, wote wa Ndugu Liberatus, wamekaa na viatu vya matope wakitazama mlango wake. Hawakuwa wasumbufu. Mfagiaji aliwaomba wanyanyue miguu, wakanyanyua. Siku zikaenda. Mbuke alilala kwa Benedicta, na asubuhi alirudi benchini na kiazi chake.

"Dada, mimi ningemuuliza hata sasa hivi," Benedicta alimwambia. "Lakini si mimi niliyemzaa. Kiini hakinisikii."

Siku moja Mbuke alimvizia meneja akitoka msalani, mahali ambapo mkubwa hana mlango wa kufunga.

"Ndugu, muulize tu. Si huyu hapa."

"Mama, nikimuuliza mmoja itabidi niwaulize wote."

"Si uwaulize."

"Na wakijibu?" alisema Ndugu Liberatus, na kwa mara ya kwanza alionekana kama mtu anayefikiri.

Ukafika wakati wa kupanda. Ndugu Liberatus alihitaji watu, akasema Zaa. Kiini kikajibu kwamba nafasi hakuna. Kila mfu alikuwa bado ameshika namba yake, na namba zimekwisha. Shirika likakutana. Kiti kimoja kingetosha: meneja aketi mbele ya benchi na kuuliza. Hilo halikupendekezwa na mtu yeyote. Kwa kuwa tatizo lilikuwa kubwa, Ndugu Liberatus alipandishwa cheo, akahamishiwa Mbeya kusimamia mashamba yote. Alifanyiwa sherehe ya pilau na soda. Wafu waliombwa wasogeze benchi ili wageni wapite.

Mzazi akihama, wanawe wanakuwa yatima, na kwa Kiini yatima wote ni wa Namba Moja. Namba Moja alikuwa Mzee Asukile, tarishi. Siku mashine inawashwa alikuwa akipita na birika la chai, mafundi wakataka jina la kujaribia, wakaandika lake. Tangu hapo alikuwa hafukuzwi, halazwi wala hastaafu. Hao yatima aliwauliza yeye wakati wa kugawa chai, kwa kuwa alikuwa akipita hapohapo.

Mbuke alifurahi hadi akatokwa machozi. Asubuhi hiyo alimfunga Bujiku vifungo vya shati na kumfuta tope shingoni.

"Baba, useme yote," alimwambia. "Sema alikulaza na njaa yako. Sema ulilazwa mferejini. Sema aliyesahau ni nani."

Bujiku aliitikia kwa kichwa. Alikuwa akiyapanga maneno hayo tangu masika.

Mzee Asukile akatokea na birika, akaanzia mwisho ule wa benchi uliokuwa karibu na dirisha, alipokaa Bujiku.

"Habari za kazi, kijana?"

Bujiku alikuwa mtoto wa watu. Wazazi wake walitoka naye Usukumani hadi Usangu nyuma ya ng'ombe, na njia nzima hawakukubali amjibu mzee bila adabu.

"Nzuri, mzee," alisema, akavuta pumzi ya kusema ila.

Kiini hakitofautishi salamu na swali, na huchukua neno la kwanza. Ndani, taipureta ilipiga yenyewe kwamba Bujiku ameishia vizuri, na mahali alipokuwa amekaa pakabaki tope.

"Hajamaliza!" Mbuke alipiga kelele. "Mzee, muulize tena! Hajamaliza kusema!"

"Ndaga, mama, pole sana," alisema Mzee Asukile. "Lakini si amejibu." Akamwachia kikombe cha chai, akasogea kwa wa pili. Wa pili naye alisema nzuri. Mbuke aliwapigia kelele waliobaki waanze na ila, waanze na ila, lakini walikuwa watu wazima wenye adabu, na mwenye kuuliza alikuwa mzee. Chai ilipokwisha, benchi lilikuwa tupu. Mbuke alikaa katikati yake na koti la mumewe, na hasira aliyokuwa nayo haikuwa na pa kukaa.

Alirudi Igawa na basi. Kaburi lilikuwa limejifukia vizuri, udongo umesawazishwa. Ilikuwa adhuhuri. Kule mferejini watu wapya walikuwa wamelala wamesimama, majembe mabegani, kwa amri ya Ndugu Liberatus, ambaye sasa alilaza watu Mbarali nzima. Shija, msimamizi, alikuwa kando ya simu ya shamba.

"Habari za Iringa, shemeji?" aliuliza.

"Mbaya," alisema Mbuke.

"Tunashukuru Mungu," alisema Shija. Akatazama saa, akakiita Kiini, Kiini kikakubali, naye akaenda kufungua lango la maji.